Mzee Ukita Atafuta Chumba

Kwa miaka arobaini na mmoja Ukita Shigenobu alisimama mapokezi ya hoteli moja mjini Kyoto, na muda wote huo hakumwambia mgeni yeyote "hapana". Mlevi akitaka chumba, Ukita aliinama, akavuta pumzi kati ya meno, akasema, "Hilo litakuwa gumu kidogo." Mlevi alijiondokea mwenyewe, tena akishukuru. Vijana wote wa mapokezi walifundishwa naye maneno hayo, na alijivunia sana.

Sasa ana miaka sabini na saba, mkewe amefariki, mtoto hana, na jengo analokaa linabomolewa mwisho wa mwezi. Wiki tatu amezunguka kwa madalali, na kila mmoja anainama na kuvuta pumzi. "Hilo litakuwa gumu kidogo, mzee wetu." Wenye nyumba wanaogopa mpangaji mzee asiye na mtu asije akafia chumbani, ila Kyoto nani atatamka hivyo? Dalali wa sita alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Aliinama karibu sawasawa na alivyofundishwa. Ukita alitamani kumzaba kofi, akajikuta anamrekebisha mgongo.

Zikabaki siku nne. Ndipo alipoona tangazo la chumba kwenye duka la tofu, yaani jibini ya soya, la Mama Nakatsuji, mzaliwa wa Osaka aliyeolewa hapo. Mtaa mzima unalalamika kwamba mdomo wake hauna breki, na kwamba miaka hamsini ya Kyoto haikumfunza kitu.

Mama alimkaribisha ndani, wakaongea habari za baridi, maua ya plamu na magoti. Ukita hakuigusa habari ya chumba. Aliisubiri ijilete yenyewe kwa adabu. Saa nzima ikapita.

"Mzee, nikuongeze chai?"

Moyo ukamwanguka. Kwa watu wa Kyoto, mwenyeji akikuuliza hivyo amekwambia ushike njia. "Nimekaa mno, uniwie radhi," akasema, akavaa viatu haraka, akatoka.

"We mzee!" Mama Nakatsuji alimfuata hadi barabarani, birika mkononi. "Unakimbia nini? Chai yangu ina sumu?"

"Sikutaka kukuchosha, mama."

"Nimekuuliza chai kwa sababu kikombe kilikuwa kitupu! Nyinyi watu wa hapa mtaniua. Saa nzima unanisimulia magoti. Umefuata nini kwangu?"

"Kuna jambo ambalo, kama halitakuwa usumbufu, huenda..."

"Ukinizungusha nakumwagia birika hili. Umeona tangazo, sivyo? Haya, nikuulize wazi: ukinifia humo ndani, nifanyeje?"

Majirani wawili waliokuwa wakifagia wakaacha kufagia. Swali lilimchoma Ukita, na papo hapo likampa nafuu, maana angalau hili lilijibika.

"Kufa nitakufa, mama, siwezi kukudanganya," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Lakini leo ni mzima, na sina pa kwenda. Naogopa. Nipangishe." Machozi yakamtoka mchana kweupe, mbele za watu.

Mama Nakatsuji akalishusha birika.

"Si ungesema tangu saa ile? Basi, kila asubuhi utapita dukani kuchukua tofu. Siku usipopita, navunja mlango. Na nikikukuta umelala tu, utautengeneza mwenyewe."