Kicheko Kilichotumwa kwa Posta

Mke wangu husema kwamba alipoolewa hakuambiwa angekuwa anaoga kwa ratiba. Bafu letu hapa Machakos mjini nimeligeuza chumba cha kusafishia picha. Dirisha nimeliziba kwa plastiki nyeusi, mashine ya kukuzia picha imekaa juu ya stuli, na sinia tatu za dawa zimepangwa sakafuni. Jumamosi mchana anayetaka kuoga abishe hodi na asubiri. Mimi ni mwalimu wa kemia, na katika umri huu ambao wenzangu wanafuga kuku wa kisasa, mimi napiga picha za filamu, nyeusi na nyeupe, nazichapa mwenyewe kwenye karatasi nene, nazifanya postikadi, halafu nazituma.

Tunaotumiana kadi hizi tuko kumi na wawili, na wengi wetu hatujawahi kuonana. Kuna fundi wa kuchomelea vyuma kule Eldoret, kuna kasisi mmoja, kuna wawili wako ng'ambo, na kuna mama wa Mombasa, mstaafu wa chumba cha eksirei, ambaye ndiye aliyeianzisha orodha na ndiye anayezilinda sheria zake kama askari wa langoni. Kila baada ya miezi mitatu, kila mtu humtumia kila mwenzake kadi aliyoichapa kwa mikono yake. Kadi husafiri bila bahasha. Stempu inabandikwa nyuma yake, muhuri wa posta unagongwa papo hapo, na ikikwaruzwa njiani unaipokea hivyo hivyo. Kuna jamaa aliwahi kutumia bahasha kwa kuogopa mvua, na yule mama akamruka duru nzima.

Duru ya Desemba ndiyo yenye wazimu zaidi. Unachapa kadi kumi na moja, za wenzako tu. Kisha unachukua negativu, yaani kile kipande cha filamu chenye picha yenyewe, unakitoboa katikati kwa mashine ya kutobolea karatasi, ili picha ile isichapwe tena milele. Hujiwekei hata moja, na kuipiga kwa simu ni mwiko. Mtu wa nje akisikia haya hutuona hatuna akili timamu, na sina nguvu za kumbishia. Lakini jamani, kushika kadi ambayo unajua aliyeitoa amebaki mikono mitupu, raha yake siwezi kuieleza. Mimi duru hiyo huipenda kuliko sikukuu yenyewe.

Desemba moja picha niliyoitoa ilikuwa ya mama yangu.

Mama anaishi Masii, shambani kwetu. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita kwa Kikamba. Huko alikozaliwa walikuwa wakinywa maji ya kisima kimoja ambayo yaliwatia watoto wote meno ya rangi ya chai, na meno yale amekwenda nayo hadi uzeeni. Kwa hiyo hacheki bila kuziba mdomo, kwa kiganja au kwa pembe ya leso. Picha zake zote, za harusi yake na za ubatizo wa wajukuu, amebana midomo kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Sisi watoto tulikua tukidhani ndivyo wanawake wote wanavyocheka.

Siku hiyo alikuwa amekaa uani akimenya mbaazi. Mimi nilikuwa narudi nyuma na kamera, jicho moja kwenye kioo, natafuta umbali unaofaa, mara makalio yakatua ndani ya karai la maji ya ndama. Mama akaangua kicheko. Viganja vyake vilikuwa vimejaa mbaazi, hakuwa na cha kuzibia mdomo, nami nikabonyeza nikiwa humo humo majini. Nilipoiona picha ile ikijitokeza kwenye sinia, chini ya ile taa nyekundu ya bafuni, nililia, na sioni haya kusema. Nikachapa kumi na moja. Nikaitoboa negativu. Nikaenda posta nimetanguliza kifua.

Miezi miwili baadaye fundi wa Eldoret aliniandikia. Alisema amemtundika mama yangu kando ya dirisha la karakana, na kila asubuhi akifungua kazi humwangalia kwanza ndipo awashe mashine. Maneno yale yalinifurahisha mno hata nikaenda nayo Masii nikamsomea mama. Nilijipalia makaa mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mdomo kwenye hiyo picha uko wazi au umefungwa. Nikamwambia uko wazi. Akauliza ni watu wangapi wanayo, nikamtajia. Nilijikunyata nikisubiri aniambie niwaandikie waichome.

"Watu kumi na mmoja wameniona hivyo," akasema, "na mimi sijawahi kujiona. Niletee nijione, kabla hili jicho jingine halijafunga."

Mama ana presha ya macho. La kulia lilikuwa limeshazima, na la kushoto daktari alikuwa ametuambia litafuata polepole, na kwamba kinachopotea hakirudi. Nilimwambia nitaileta. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza kwamba nimeitoboa kwa mkono wangu, kwa hiari yangu, kwa sababu ya sheria ya watu wanaochezea maji bafuni.

Kumrudishia mtu kadi yake halikuwa jambo lililowahi kutokea kwetu. Niliwaandikia wote kumi na mmoja nikiomba mwenye moyo anirudishie yake, bila kusema sababu, maana niliona aibu. Fundi wa Eldoret ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia. Niliigeuza kadi palepale kwenye ngazi za posta. Ilikuwa ya kahawia yote, na uso wa mama haukuonekana.

Nilijua sababu kabla sijafika nyumbani. Dawa ya mwisho tunaiita fiksa, na kazi yake ni kuondoa kwenye karatasi kila kitu kinachoweza kugeuka rangi mwanga ukikipiga. Ikichoka, picha hutoka safi, inakudanganya wiki kadhaa, halafu mwanga unaimaliza. Mimi, mwalimu wa kemia, ninayewakata watoto wa watu alama kwa uzembe, Desemba ile nilikuwa nimetumia fiksa iliyokwisha kufanya duru mbili, kwa vile huwa naagiza Nairobi na naona uchungu kuimwaga. Ya fundi iliharibika kuliko zote kwa sababu aliitundika penye mwanga, na aliitundika pale kwa kuipenda. Nyingine zikafuata moja moja. Ya kasisi, iliyokuwa imefungiwa ndani ya kitabu, ilibakisha mikono na mbaazi. Za ng'ambo nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mke wangu, ambaye kunicheka ni kazi yake ya kila siku, wiki ile hakunicheka. Aliniletea chai mlangoni mwa bafu, akaniacha.

Ikabaki ya mama wa Mombasa. Naye alinijibu kwa kadi yenye mstari mmoja: "Sheria ni sheria, mwalimu."

Nilipandwa na hasira. Nikamwandikia maneno ambayo mwanamke wa umri ule hastahili kuandikiwa, nikayasoma, nikayachana. Kisha nikaandika upya, safari hii ukweli mtupu: habari ya meno, ya mbaazi, ya jicho linalofunga, na ya fiksa yangu iliyochoka. Nilimwambia yake huenda nayo imeshaharibika, lakini hata kama limebaki jino moja, anitumie hilo jino.

Wiki zikapita. Kila Jumamosi nilipokwenda Masii, mama aliniuliza swali moja tu, kama imekuja. Alikuwa ameanza kunijua kwa sauti, akigeuza kichwa pembeni ili anitafute kwa lile jicho lililobaki. Nilikuwa nasema bado, naye anasema sawa, na tunaingia ndani kula. Nilikuwa sijisikii vizuri kabisa kuonana naye, na nilikwenda hivyo hivyo.

Kifurushi kilikuja siku ya Jumanne. Bahasha ndani ya bahasha, na katikati vipande viwili vya kadibodi vilivyofungwa kwa utepe. Ametumia bahasha mbili, mama yule yule! Kikaratasi chake kilisema hivi: "Mwalimu, tangu duru ya kwanza najua wewe ni mkono wa birika. Kadi zako zote nikizipokea nazitia tena kwenye fiksa mpya na kuzisuuza saa nzima ndipo niziamini. Mpelekee mama. Hii usinirudishie."

Picha ilikuwa safi kama siku niliyoichapa. Nilibusu muhuri wa posta mbele ya karani, naye akanitazama kwa wasiwasi. Nikaomba ruhusa shuleni, nikampitia mke wangu, tukaenda Masii.

Mama alikuwa jikoni. Nilipomwambia imekuja, alinawa mikono kwanza, akajifuta vizuri, ndipo akaipokea. Akaenda nayo mlangoni kwenye jua. Aliiinua upande wa kushoto, akageuza kichwa kama kuku anayechungulia punje, akawa anaitafuta kidogo kidogo. Alizipata mbaazi, akazitaja. Akaipata leso, akasema ile leso iliungua. Kisha akaufikia uso, akaisogeza kadi karibu na jicho. Mimi kwa woga nikaanza kupiga domo, namweleza habari za karai na ndama, mke wangu akanifinya.

Alikaa nayo muda mrefu. Jicho lilikuwa linatoka machozi kwa sababu ya jua, akalifuta, akaitazama tena.

"Kumbe ni mzuri," akasema, kama anayemsema mtu mwingine. Halafu akageuka kutafuta mahali nilipo. "Mbona hamkuniambia?"

Tumezaliwa sita, na baba aliishi naye miaka arobaini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia.