Mzimu Wenye Kalamu Nne

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kasulu nikaambiwa kwamba yule mama mfinyanzi wa Titye amefariki, na wamekwisha kumzika. Nilikaa kitako, nikasikitika kama inavyompasa mtu wa umri wangu, kisha, Mungu anisamehe, nikacheka. Mke wangu akauliza ni msiba gani huo unaochekesha. Nikamwambia ni msiba wa mtu pekee aliyewahi kunifinyanga kama nilivyo. Wasomaji wanaodhani mwandishi wao alizaliwa na busara, leo wanivumilie.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa afisa utamaduni wa wilaya. Watu walituita kwa idara zetu: alikuwapo Bwana Shamba, alikuwapo Bwana Afya, na mimi nikawa Bwana Utamaduni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, kitambi cha mtu wa hamsini, suti ya mikono mifupi, na kalamu nne zilizosimama mfuko wa kifuani, moja tu ikiwa na wino. Kiha nilikuwa sikijui, jambo ambalo halikunizuia hata siku moja kuwafundisha Waha mila zao. Siku moja ukaja waraka wa wizara: kuna maonyesho makubwa ya sanaa huko Ulaya, ya mataifa yote, na kila mkoa utafute kazi za wasanii wa sasa wa Kiafrika. Maneno “wa sasa” yalikuwa yamepigiwa mstari. Niliyaruka. Nilijiona najua Wazungu wanataka nini, nao wanataka vitu vya kale vyenye mizimu ndani yake.

Nikapanda pikipiki ya idara hadi Titye, kijiji nilichokwisha kukihutubia mara kadhaa, kwa mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka Burundi na watoto wake kwa njia ya Mabamba, akawa anaishi kwa kulima na kufinyanga vyungu. Nyuma ya vyungu alikuwa na sanamu za udongo: mwanamke anayejaza upepo baiskeli, mzee aliyeweka redio begani, karani aliyesinzia mezani. Hizo sikuzitazama mara mbili. Nilisimama mbele ya moja tu, ya mtu mfupi, tumbo mbele, kidevu juu, na vijiti vinne vimesimama kifuani. Nikamweleza yule mama alichokifinyanga. “Huyu ni mzimu wa mavuno,” nikasema. “Tumbo ni ghala la mtama. Hivi vinne ni mikuki ya kulinda mashamba.” Alinitazama, akaitazama sanamu, akasema, “Ego,” yaani ndiyo. Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo pale uani wakainamisha vichwa kwa pamoja. Nami nikadhani wanauheshimu mzimu. Kwenye fomu ya kuipeleka sanamu Ulaya, mahali pa jina la msanii, niliandika “mama wa kijijini”, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika mahali pa maelezo, ambako nilijaza ukurasa mzima.

Miezi ikapita. Gazeti moja kutoka Dar es Salaam likafika Kasulu likiwa na ukurasa wa maonyesho yale. Walikuwamo wachoraji na wachongaji wa nchi nyingi za Afrika, kila mmoja amesimama kando ya kazi yake, jina lake chini ya picha. Pembeni ilikuwapo sanamu yetu peke yake, na maneno yangu: mzimu wa mavuno wa Waha, kazi ya mama wa kijiji cha Titye. Mimi nilinunua nakala tatu. Wazee wa kanisa la yule mama walitosheka na moja. Wakamwita wakamuuliza tangu lini Mkristo anafinyanga mizimu, na aliposhindwa kuwaridhisha wakamtoa kwenye kwaya na kumzuia kushiriki meza ya Bwana. Wanawake wakaacha kuchukua vyungu vyake. Kwa mtu aliyevuka mpaka bila ndugu, kanisa ndilo lilikuwa ukoo wake. Ndilo lingemuuguza na ndilo lingemzika.

Akaja ofisini kwangu kwa miguu, gazeti limekunjwa ndani ya Biblia. “Bwana Utamaduni,” akasema, “uje useme ukweli kanisani.”

“Ukweli gani, mama?”

“Huyu si mzimu. Huyu ni wewe.”

Nyani haoni kundule. Niliitazama picha, nikatazama mfuko wangu, nikazihesabu kalamu. Nje ya mlango tarishi alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile. “Ulikuwa unasema vizuri,” akajibu. “Na karatasi zangu za ukimbizi ziko kwenu. Nikuambie mkubwa wa serikali, hili tumbo ni lako?” Kisha akaweka kidole juu ya wale wachoraji. “Hawa wote wana majina. Mimi nina mzimu.”

Nilikwenda. Wazee watatu walikaa kwenye benchi, yule mama pembeni, na mlangoni nusu ya Titye. Mzee mmoja alivaa miwani, akainua gazeti usawa wa bega langu. “Geuka upande,” akasema. Nikageuka. “Toa kalamu.” Nikatoa. “Rudisha.” Nikarudisha. “Inua kidevu kidogo, kama unahutubia.” Nikainua. Akavua miwani. “Ego. Ni yeye.” Mzee mwingine akamuuliza yule mama kwa nini alinifinyanga hivyo. “Ndivyo anavyosimama,” akasema, “akija kutufundisha sisi ni nani.” Jumapili ile alirudi kwenye kwaya.

Ningependa safu iishie hapo, maana hapo mimi ni mjinga tu, na ujinga unasameheka. Lakini tulipotoka kanisani alisema, “Sasa waandikie na wale wa Ulaya.” Niliahidi. Niliandika barua kweli. Kisha nikafikiri itakavyopita mkoani, wizarani, ubalozini, na kila meza isome kwamba mzimu wa mavuno ni afisa wa Kasulu. Nikaifungia kwenye mtoto wa meza. Baadaye nilihamishiwa Kibondo, na mara mbili nilipopita Kasulu tulikutana sokoni akaniuliza, “Wamejibu?” Nikasema bado. “Ulaya ni mbali,” akasema. Mara ya tatu hakuuliza, akanisalimu tu na kunipa mhogo. Nimefedheheka mara nyingi maishani, lakini hakuna fedheha inayoniuma kama mhogo ule.

Safu hii haitaji majina, na siku zote nimejivunia desturi hiyo. Safari hii nilimpigia bintiye nikamwomba ruhusa nimtaje mama yake hapa, walau mara moja. Alinisikiliza hadi mwisho. “Mzee,” akasema, “hapa Titye jina lake tunalijua sote. Liandike kule ulikoliacha.”

Jana nimeipeleka posta barua ya wale wa Ulaya, tumbo na kalamu zikiwamo, jina lake nimelipigia mstari. Sijui kama aliyeipokea sanamu ile bado yupo. Somo langu ni dogo na limechelewa: mtu aliye hai muulize jina lake kabla hujamweleza maana ya kazi yake, na ukikosea, sahihisha palepale ulipokosea, naye angali anauliza.