Mkate wa Lukresia

Mke wangu Lukresia alizaliwa Ipililo, akaja kwangu Sapiwi kwa ndoa ya kanisani. Alilima pamba mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Alitaka mkate tu, tena si mkate wowote: ule wa tanuri la Bundala pale Bariadi, wenye ganda gumu la kahawia, chini umeshika majivu kidogo. Tukishauza pamba nilimletea kwa baiskeli. Hakuukata kwa kisu. Aliumega, akaula polepole.

Halafu biashara ikawa huria. Wanunuzi wa pamba wakaja na malori yao, kila mtu na mzani wake. Mabasi yakaanza kuleta mikate ya Mwanza, imekatwa tayari, imo ndani ya mifuko ya nailoni. Watu wakaipenda. Bundala akafunga tanuri, akarudi kwao.

Mwaka uliofuata Lukresia alipooza upande wa kushoto. Hospitali walisema dawa bila chakula haitamsaidia. Naye akaacha kula. Ugali aliugeuzia uso. Uji aliutema. Nikamletea mkate wa Mwanza. Akaubonyeza kwa kidole.

"Baba Ngassa, hii ni pamba," akasema. "Pamba nimeichuma maisha yangu yote. Sasa unataka niile?"

Akanirudishia mkononi.

Nilichoka. Palizi ilinisubiri, ng'ombe walinisubiri, kijana wetu Ngassa alikuwa machimboni Geita, wadogo zake walikwisha kuoa na kuolewa mbali. Lakini nilimwona mke wangu anavyokwisha. Asipokula, basi. Nikanunua unga wa ngano na hamira, nikaingia jikoni.

Kwetu mwanaume hakai mafigani. Milembe, mdogo wake Lukresia, alikuwa amekuja kutusaidia maji. Akanikuta nimeinama, moshi machoni.

"Shemeji! Nikuletee khanga ujifunge?"

"Lete."

"Na kilemba?"

"Lete vyote. Ila ondoka mlangoni, unanizibia mwanga."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka.

Chakula cha unga nilichokijua ni ugali. Nikachemsha maji yakatokota, nikamimina unga na hamira, nikasonga kwa mwiko. Nikafunika, nikangoja uumuke. Haukuumuka. Nikauoka hivyo hivyo. Mbwa aliunusa, akaenda zake.

Kulipokucha nikapanda baiskeli kwenda Bariadi kumtafuta Athanasi, aliyekuwa mwokaji wa Bundala. Nilimkuta sokoni anauza mitumba, suruali zinamning'inia mabegani.

"Mwangaluka, namhala," akanisalimu kwa Kisukuma, kwa heshima ya wazee.

"Mwangaluka. Nataka mkate."

"Mkate? Mimi siku hizi nauza suruali."

Nikamweleza habari ya mgonjwa, na habari ya mkate wangu. Akauliza nilitia maji gani. Nikamwambia. Akaziweka suruali chini.

"Umeipika hamira, mzee wangu. Hamira ina uhai. Ukiimwagia maji ya ugali inakufa. Maji yawe ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kanda kwa mikono, acha upumzike, kanda tena. Ukiuoka, moto chini kidogo, makaa mengi juu ya mfuniko."

"Maji ya mtoto mchanga yakoje?"

Akanitazama. "Una watoto wangapi, namhala?"

"Saba."

"Basi kamuulize mama yao."

Nikarudi. Nikabeba karai la maji mpaka kitandani.

"Mama Ngassa, maji ya kumwogesha mtoto ni yapi?"

Alikuwa ameelekea ukutani. Kisha akageuka kidogo kidogo, akanyoosha mkono wake mzima, akachovya kiwiko.

"Ungemuunguza," akasema.

Nikaongeza ya baridi. Akachovya tena.

"Bado."

Nikaongeza.

"Hapo."

Nikakanda palepale kando ya kitanda, naye akiitazama mikono yangu.

"Unasonga, Baba Ngassa. Usisonge. Sukuma kwa kiganja, kunja."

"Milembe ananicheka."

"Mwache acheke. Chapati zake mwenyewe unaweza kuzibia paa."

"Dada, nimesikia!" Milembe akapaza sauti kutoka nje.

Unga uliumuka. Nikauoka kwenye sufuria, makaa juu na chini. Chini uliungua, juu ukapata ganda. Nikaushika, naye akamega kwa mkono mmoja.

"Si wa Bundala."

"Najua."

"Umeunguza."

"Najua."

Akala. Akachovya kwenye chai, akala tena, akamaliza ganda lote la juu. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama. Miguu iliniuma, mgongo uliniuma. Sikutaka kuinuka.

Tangu hapo nilikanda kila nilipotoka shambani. Kuna siku nilisinzia mikono ikiwa ndani ya unga, akaniamsha kwa kuniita. Alipata nguvu kidogo. Aliweza kuketi, tukamtoa nje akaota jua, akawagombeza kuku. Akala mkate ule mpaka mavuno ya pamba.

Halafu siku moja nikammegea, akaushika tu mkononi.

"Kula wewe," akasema. "Umechoka."

Nikamwambia sijachoka. Hakubishana. Siku ile hakula, wala iliyofuata. Tulimzika kabla mvua hazijaanza.

Unga uliobaki nilimpa Milembe. Amepikia chapati.