Landrova ya Kinyumenyume

Fundi wa kijiji kile cha ujamaa, nje kidogo ya Iguguno, alikusalimia kwa kukupa kifundo cha mkono, maana viganja vyake havikuisha grisi hata siku za ibada. Alipoharibu kitu, alijicheka yeye kabla hujamcheka wewe. Alitoa injini ya dizeli kwenye mashine ya kusaga iliyovunjika mawe, akaifunga kwenye Landrova kuukuu ya kijiji. Mbele ya watu wote akatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma, kuku wakatawanyika. Kumbe injini ile ilizunguka kinyume: gia zote zilirudi nyuma, na rivasi ndiyo iliyokwenda mbele, tena kwa kujikongoja. "Nchi nzima inasonga mbele," alisema, akicheka mpaka akakaa chini, "mimi nimewaundia gari la kurudi tulikotoka."

Wiki ileile Dorkas, mama mmoja wa pale kijijini, akashikwa na uchungu, mtoto hatoki. Siku hiyo fundi hakucheka. Alimlaza ndani ya gari, akageuza shingo, akaenda kinyumenyume mpaka hospitali ya Singida mjini. Jioni nesi akatoka na habari: mama mzima, mtoto mzima, ila alitanguliza miguu. Fundi, shingo imegoma kurudi, akampa kifundo cha mkono. "Mumsamehe, sista," alisema. "Amefuata gari."