Kaseti Mbili za Wimbo Mmoja

Enzi zetu mtu hakuweza kujifunza kuwa DJ kwa siri. Ukiteleza kidole tu, mtaa wote wa Ngarenaro umejua. Nyundo za gereji zilinyamaza, fundi cherehani wa barazani akainua kichwa, na mtu ambaye hata humwoni akapaza sauti kutoka nyuma ya ukuta: "Ndeshi! Hapo umechemsha!"

Ndeshi ni dada yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na miwili, na darasa letu lilikuwa sebule yenye makochi ya vitambaa vilivyofumwa na Mama. Vifaa vyetu vilikuwa redio mbili za kaseti. Kubwa ilikuwa ya Baba, ambaye aliinunua kwa ajili ya taarifa ya habari na ibada ya Jumapili. Ndogo ilikuwa ya Mama, ya jikoni, imekolea harufu ya vitunguu. Kati ya hizo mbili kulikuwa na kisanduku cha mbao ambacho fundi redio wa mtaani alimtengenezea Ndeshi. Kilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha: kulia inasikika redio ya Baba, kushoto ya Mama, katikati zote mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine yetu ya kuchanganyia muziki, na tuliifunika kwa taulo kama mtoto mchanga.

Kazi ilianza kwenye kuchagua nyimbo. Tulikaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, tukimwomba Mungu mtangazaji anyamaze. Hakunyamaza. Ndiyo maana kila wimbo Ndeshi aliurekodi mara mbili, kwenye kaseti mbili, ili akipata mwanzo mzuri hapa apate mwisho mzuri pale. Namba za kaunta, kile kidirisha cha redio kinachohesabu mizunguko ya kanda, aliziandika kwenye daftari la hesabu. Lakini wimbo haukuingia daftarini mpaka upite kwa Mama. Mama akiwa amekaa na ungo akichambua mchele, Ndeshi alicheza wimbo mpya bila kumwambia kitu, akamtazama bega. Bega likicheza, wimbo umefaulu. Lisipocheza, tunafuta.

Tatizo lilikuwa mwezi wa saba. Baridi ya Arusha ilipokaza, redio ya jikoni iliamka nzito kama mtu, ikaimba polepole, na mapigo ya nyimbo mbili hayakukutana hata ufanye nini. Tuliitoa nje tukaianika juani juu ya ndoo, tukaisubiri. Vijana wa leo mashine ikichelewa sekunde tatu wanaanza kuitukana. Sisi tulisubiri redio ipate joto, na tulipokuwa tunasubiri tulihesabu mapigo kwa miguu, moja mbili tatu nne, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akauliza kama tunafundishwa gwaride.

Sheria kuu ya Ndeshi ilikuwa moja: wimbo usizidi dakika mbili. "Watu wakianza kuuzoea, unawapokonya," alisema, akizungusha kitufe kwa ncha za vidole. Ukiwa umefumba macho hukujua wimbo wa kwanza uliishia wapi. Nilimwona dada yangu kama mchawi.

Baba hakuona uchawi wowote. Alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake lilikuwa, "Muziki ni wa kusikiliza, si wa kushikashika." Kwa hiyo mdogo wetu wa kiume, Elibariki, aliyekuwa akiishi kwa babu kule Nkoaranga, alipokaribia kupata kipaimara, na mtu wa muziki aliyeahidi kuja akapata harusi mahali pengine, Mama alisubiri Baba ashibe ndipo akasema, "Baba Ndeshi, si hawa watoto wapo?"

Baba aliangalia kisanduku. "Wapige," alisema. "Ila watu wa Machame wanakuja, ukoo wa mama yenu. Wakirudi kwao wananung'unika, hii mashine sitaki kuiona tena ndani ya nyumba yangu."

Ndeshi hakulala vizuri wiki nzima. Hata mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kurudisha kanda nyuma kwa penseli, nilichonga penseli tatu za akiba.

Siku yenyewe kule Nkoaranga kulikuwa na tope, na gari liliishia chini ya mlima. Tukapanda kijia kwa miguu, redio ya Baba imebebwa mgongoni kwa kanga, tukipita kwenye migomba na mibuni inayotudondoshea maji. Spika za kukodi tuliziweka juu ya kichanja cha kuanikia kahawa. Jenereta ilikoroma nyuma ya zizi. Kwenye masufuria kulikuwa na machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, yanayochemka na harufu ya mbuzi, na sisi tulikuwa bado tunaunganisha waya.

Mambo yalienda vizuri mpaka zawadi. Kwetu zawadi haziletwi tu. Kila ukoo unaingia na wimbo wake, unacheza kuanzia kwenye ua wa masale, ile mimea ya majani marefu inayozunguka boma, mpaka meza ya mtoto, kanga begani, vitu kichwani, bila haraka yoyote. Watu wa Machame walianza. Mbele alikuwa Mama Mkubwa, dada yake Mama, na blanketi jipya kichwani. Nyuma yake wajomba na sanduku la bati, na mwisho kabisa bibi mzaa mama, na mkongojo wake. Waliomba wimbo mmoja wa kwaya. Wakaingia, vigelegele vikapaa.

Ndeshi alikuwa ameinamia kaunta. Dakika mbili zikatimia. Akazungusha kitufe.

Ninaapa, tangu tuanze hakuwahi kuchanganya vizuri namna ile. Mapigo yalikutana kama viganja viwili. Wimbo wa kwaya ukayeyuka, ukatokea wimbo uliokuwa umeombwa na ukoo wa Baba. Nao waliposikia wimbo wao wakajua zamu imefika, wakainuka na ndoo zao na mashuka yao, wakaingia wakicheza. Koo mbili zikakutana katikati ya uwanja, blanketi likitazamana na ndoo.

Mama Mkubwa alisimama. Watu wote nyuma yake wakasimama.

"Tumeambiwa tukae?" aliuliza, si kwa sauti kubwa. "Tumetoka Machame alfajiri ili tukatiwe wimbo njiani?"

"Jamani, ni watoto tu," mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyecheka. Nilimwona Baba akiinuka kwenye kiti chake. Mama alifika kabla yake. Hakugomba. Alimwinamia Ndeshi sikioni: "Kachume isale."

Jani la isale mtu halikatai. Ukimpelekea uliyemkosea amekusamehe, hata kama roho bado inamuuma. Ndeshi, mtoto wa Ngarenaro aliyeyajua hayo kwa kusimuliwa tu, alikimbia uani, akachuma jani, akapiga goti kwenye tope mbele ya Mama Mkubwa.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Nisamehe. Nilikuwa naangalia mashine, sikuwaangalia ninyi."

Mama Mkubwa alilipokea. "Wimbo wetu ulikuwa na ubaya gani?"

"Hauna ubaya, mama."

"Basi tunarudi uani, tunaanza upya. Na ole wako!"

Wakarudi wote mpaka kwenye masale, wakiimba kwa midomo ili kutupa nafasi ya kurudisha kanda. Ndeshi aliniambia, "Nipe na ile kaseti ya pili." Nikampa bila kuelewa.

Safari hii hakuangalia kaunta hata mara moja. Aliangalia miguu. Mama Mkubwa akafika mezani, wajomba wakafika, lakini bibi mzaa mama alikuwa bado katikati, mkongojo unazama kwenye tope, na wimbo ulikuwa unaelekea ukingoni. Kwenye kiitikio cha mwisho mkono wa Ndeshi ulikwenda kwenye kisanduku. Kaseti ya pili, wimbo uleule, kiitikio cha kwanza. Ukajiunga wenyewe kwa wenyewe na kuanza kuzunguka upya. Hakuna aliyeshtuka. Bibi alicheza mpaka mezani kwa mwendo wake, akatua mkono kichwani mwa Elibariki, ndipo muziki ukashuka taratibu.

Jioni, wageni walipoondoka wakiimba, Baba alikuja tulipokuwa tunakunja waya.

"Ule wimbo wa akina Mama Mkubwa tunauimba kanisani," alisema. "Una beti tatu. Leo nimehesabu tano."

Ndeshi aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Baba."

Baba aliokota taulo, akafunika kisanduku mwenyewe. "Kesho tukitoka ibadani unionyeshe umefanyaje."

Na kesho yake alikaa sebuleni na suti yake ya kanisani mpaka chakula kikapoa. Kila Ndeshi alipokosea, alisema neno moja tu: "Rudia." Hivyo ndivyo mashine ilivyobaki nyumbani kwetu.

Sasa Ndeshi anaishi Olasiti na binti yake naye anajifunza. Nyimbo zote za dunia ziko kwenye kompyuta yake, mapigo yanajipanga yenyewe, na wimbo wa beti tatu unaweza kuzungushwa mpaka Pasaka kwa kubonyeza mara moja. Sina kinyongo na vijana hawa, wanajua mengi kuliko sisi. Lakini juzi nilikaa chumbani kwa huyo binti saa nzima. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika, visikizio viko masikioni, na nyumba ilikuwa kimya kama shule siku ya likizo. Sikujua kama anapatia au anakosea. Jirani naye hakujua. Nikamwomba aniwekee kwenye spika japo kidogo.

"Subiri, mama mdogo," alisema kwa upole, bila kuvua visikizio. "Bado haijakaa sawa."

Nami nilitaka kuisikia hivyohivyo, kabla haijakaa sawa.