Vioo Pande Zote, Viti Visivyosogea

Mke wangu alikuwa amezikwa miezi minne nilipoitwa kubadilisha sura ya hoteli moja ya samaki mjini Kisumu. Mimi ni fundi wa mbao, nimesoma hadi darasa la saba. Tangu mazishi sikuwa na kazi ya maana, maana watu hawapendi kuagiza kitanda cha harusi kwa fundi aliyefiwa.

Hoteli ilikuwa chumba kirefu karibu na ziwa. Ilikuwa na meza sita nzito za mvule, zilizokuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, na stuli ambazo kila mteja aliinua akaenda kukaa anapotaka. Mmoja alikaa mlangoni, mwingine aligeukia ukuta akala kama mtu aliyeadhibiwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kisha tajiri mwenye hoteli alikwenda Nairobi siku mbili, akarudi akisema meza zake zinamtia aibu. Wiki iliyofuata alikuja mtaalamu wa kupamba maofisi na mahoteli, amevaa suti ya rangi ya chai ya maziwa. Alibeba vipande vya plastiki ngumu, ile inayoitwa fomaika, vimetungwa kwenye mnyororo kama funguo za jela.

"Hii ni mvule," alimwambia tajiri, akimwonyesha kipande cha kahawia.

Nilikigusa. "Ni plastiki," nikasema.

"Ni mvule wa kisasa, fundi. Mchwa hauli."

"Hata huu wa zamani mchwa hauli."

Tajiri akanitazama. "Fundi, wewe pima tu."

Nikapima. Nilipaka gundi juu ya mvule, nikabandika picha ya mvule. Dirisha lililotazama ziwa tuliliziba kwa plaiwudi, na juu yake mtaalamu akabandika picha kubwa ya ziwa la Ulaya lenye bata weupe. Mama aliyetuletea samaki aliitazama sana, akauliza, "Na hawa watu wa huku wanakula nini? Sioni hata mtumbwi mmoja."

Mtaalamu alikuwa na fundisho moja alilolirudia kama mhubiri: kiti kinachosogea kinaharibu mpango. Kwa hiyo stuli zikauzwa. Nikatengeneza viti virefu vya watu wawili wawili, sponji ndani, ngozi bandia nyekundu juu, nikavifunga kwenye sakafu kwa boliti, mgongo kwa mgongo, meza katikati. Kwa joto la Kisumu, mteja aliyekaa pale nusu saa alisimama kwa sauti kama ya plasta inayobanduliwa. Halafu vikaja vioo, kutoka usawa wa meza hadi kwenye silingi, pande zote nne, ili chumba kionekane kikubwa.

Nilipokuwa nikifunga kioo cha kwanza nilijua kwamba hoteli imekwisha. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake, ambaye tunamwita maro, huheshimiana kwa kutotazamana sana. Hawali pamoja. Wakikutana mahali pa watu, kila mmoja anageukia upande wake na heshima imetimia. Ndiyo kazi stuli zile zilikuwa zikifanya. Mtu angeweza kula samaki chumba kimoja na maro wake miaka ishirini, mradi kila mmoja awe na ukuta wake wa kutazama. Sasa hapakuwa na ukuta. Kila ulipogeuka palikuwa na watu wote.

Sikusema neno. Niliogopa kupoteza kazi. Na pia, kwa kuwa naandika ukweli, sikujali. Mtu aliyefiwa wakati mwingine huona si vibaya wengine nao wakikasirika kidogo.

Kitu kimoja tu kiliniumiza katika kazi ile. Tangu siku ya kuzika sikuwa nimejitazama. Sasa nilijiona kutwa nzima, mbele na nyuma: shati lisilo na vifungo viwili, shingo nyembamba, macho mekundu. Na wekundu ule haukuwa wa kulia peke yake.

Siku ya ufunguzi mwalimu mmoja aliagiza samaki mzima. Alikuwa amefika kichwani, vidole vimeingia hadi kwenye jicho, alipoinua uso akamwona maro wake kiooni, viti vitatu nyuma, naye ameshika mkia. Mwalimu alitaka kusukuma kiti nyuma. Hakikusogea. Akajiburura pembeni kama mtu anayetoka kwenye shimo, akatoka kupitia jikoni. Yule mama mkwe akatoka kwa mlango wa mbele. Samaki wawili wakabaki wakitazamana.

"Ni nini?" tajiri aliuliza. "Samaki alikuwa mbichi?"

"Ni vioo, Mzee," nikasema.

"Huko Nairobi kuna vioo na watu wanakula."

"Huko wakwe zao wako huku."

Alikataa kuvitoa. Badala yake alimweka mhudumu mmoja mlangoni, awaulize wanaume wanaoingia, kwa adabu, kama mama mkwe yumo ndani. "Wangu ako mbali, Ugenya," mmoja alimjibu. "Lakini leo ni siku ya soko, ngoja nichungulie." Wengine walichungulia, wakaona vichwa arobaini mahali palipokuwa na kumi, wakaenda kula kwa mama anayepika barabarani.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu yangu.

Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita. Baada ya mazishi maro wangu alimchukua, akawa anaishi naye Otonglo, ambako alikuwa na kibanda sokoni. Mimi nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Obunga, mjini. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa, nami nilitaka mtoto wangu aje aanze darasa la kwanza mjini. Kwa desturi hapakuwa na kesi: nilikuwa nimepeleka ng'ombe wote wa mahari, mtoto alikuwa wa ukoo wetu. Lakini maro alituma neno kwamba hamtoi mpaka ajue anakwenda kukaa na nani. Mama yangu alikuwa amekufa zamani. Hivyo shangazi yangu, dada wa baba, akawa wa kusema kwa niaba yangu.

Shangazi aliichagua ile hoteli. "Hakuna watu," alisema, "na vile viti vyako vya mgongo kwa mgongo hatimaye vitafaa kitu. Yeye atakaa upande wake, wewe upande wako, mimi nitasimama katikati." Alikuwa hajawahi kuingia. Nilimwambia kuhusu vioo. Akasema, "Utainamisha macho. Kwani hujui kuinamisha macho?"

Walikuja saa tisa alasiri, maro amemshika mtoto mkono. Niliketi, nikageukia upande wangu. Nikasikia ngozi bandia ikilia nyuma yangu alipokaa, na sponji ikanisukuma mgongo. Hatukuagiza chakula. Soda tatu tu. Niliinamisha macho, nikayashikilia pale kadiri nilivyoweza.

"Muulize hali," alisema maro.

"Anauliza hali," shangazi aliniambia kwa sauti kubwa, kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya ziwa.

"Nimesikia. Mwambie nzuri."

"Anasema nzuri."

Mtoto hakuwa na heshima hizo za kutunza. Alisimama juu ya kiti akajitazama, akanitazama. "Nyanya, ona! Baba ni wengi!" alisema. Akaanza kutuhesabu. Ndipo nikainua macho, na maro alikuwa ananitazama kiooni. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo hata siku ya mahari. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka.

"Muulize asubuhi anakula nini."

"Anauliza—" shangazi alianza.

"Chai na mandazi, kwa kibanda," nikajibu.

"Muulize akienda kazi mtoto ataachiwa nani."

"Majirani," alisema shangazi, bila kuniuliza. "Majirani wazuri sana, wa kanisa."

Majirani wangu walikuwa wanapika pombe ya chang'aa.

"Muulize kama anakunywa."

"Huyu?" Shangazi alicheka. "Mama, hata soda hamalizi. Tazama."

Chupa yangu ilikuwa imejaa, kweli. Lakini maro hakuitazama chupa. Aliendelea kuutazama uso wangu, nami nilikuwa nimeuona uso huo mwezi mzima nikifunga vioo vile. Nilijua unasema nini.

"Nakunywa," nikasema. "Tangu mazishi. Jumamosi, na siku zingine pia. Na majirani si wa kanisa."

Shangazi alinifinya bega hadi leo nalisikia. Kwenye kidirisha cha jikoni tajiri alikuwa amesimama na sahani, hapumui.

Maro alimvuta mtoto akamkalisha karibu naye. Kisha akasema na mimi mwenyewe, bila kumpitia shangazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake. "Mtoto atakaa kwangu. Ataanza shule Otonglo. Wewe utakuja Jumapili umwone. Ukija umelewa, usiingie bomani."

Ningeweza kukataa. Ukoo wangu wote ungesimama nami, na angelazimika kumtoa. "Ndiyo, Mama," nikasema.

Shangazi alinitukana njia nzima hadi Kondele. "Wengine hunyang'anywa watoto! Wewe umemtoa wako kwa mdomo wako! Nani alikuuliza ukweli? Nilikuwa nimeshashinda!"

"Aliuliza yeye."

"Aliniuliza *mimi*, mjinga!"

Wiki ile tajiri aliniita nifunge fimbo za pazia juu ya kila kioo. Alinunua kitambaa kizito cha kahawia, chumba kikawa giza kama duka lililofungwa, na watu wakaanza kurudi kidogo kidogo. Mtaalamu alipokuja kukagua kazi yake alizunguka, akashika pazia kwa vidole viwili, akampa tajiri mkono. "Hapa umenizidi," alimwambia. "Umeelewa sanaa yenyewe."

Jumamosi ile nililewa, na Jumapili sikwenda. Sina la kujitetea. Mtoto alinisubiri penye lango kutoka asubuhi, nilikuja kuambiwa baadaye, na maro hakumwambia kwa nini sikuja, akasema tu labda kuna kazi. Jumapili iliyofuata nilinawa uso, nikashona vifungo viwili vya shati, nikatembea kwa miguu hadi Otonglo. Nilisimama nje ya boma, nikabisha hodi, nikangoja maro aje karibu anuse pumzi yangu kabla sijavuka lango.