Ngoro Chini ya Maji

Mwanangu, sogea nikusimulie. Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka hadi rangi ya maji yake. Nilikuwa nimeshuka kutoka kijijini kwetu Mapera, milimani, kwenda Ziwa Nyasa kutafuta kibarua, nikakipata kwa Mama Rehema, mtafiti wa samaki aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Huko kwao alikuwa akipandikiza matumbawe baharini. Huku hatuna matumbawe. Samaki wetu wengi huzaliana kwenye miamba. Katika ghuba ndogo tuliyopewa kufanyia kazi, watu walikuwa wamebeba mawe kujengea misingi ya nyumba, na yaliyobaki yakaburutwa na makokoro, zile nyavu za kukokota hadi ufukweni. Wavuvi walikubali kutovua humo mpaka mvua ziishe. Samaki wasiporudi, nyavu zingerudi.

Kazi yetu ilikuwa kurudisha mawe. Mama Rehema akaniuliza ningeyapangaje. Mimi Mmatengo, ulitegemea nini? Niliyapanga kwa mtindo wa ngoro, yale mashimo yenye kingo tunayolimia milimani ili mvua isichukue udongo. Nilizama na kuibuka mpaka macho yakawa mekundu, nikajiona fundi kweli kweli. Mama Rehema naye alipendezwa. Alitaka kuona itakuwaje.

Mvua zikanyesha. Zilipopungua nilivaa miwani ya kuzamia, nikachungulia, moyo ukanishuka. Mashimo yote yalikuwa yamejaa tope. Ngoro zangu zilikuwa zimefanya kazi yake sawasawa, zimekamata udongo ulioletwa na mto. Samaki mmoja wa buluu alichota tope kwa mdomo, akalitema kando, akarudi kuchota tena, kisha akachoka akaenda zake. Wavuvi walikuwa wanakuja kukagua kesho yake. Niliogopa tutanyang’anywa ghuba, nikaanza kufukua harakaharaka kwa mikono.

“Acha!” Mama Rehema alinikaripia nilipoibuka, naye akichungulia maji kutoka kwenye mtumbwi. “Ukisafisha sasa, tutajuaje kilichotokea? Mfuate yule samaki kwanza.”

Nilinuna, lakini nikamfuata. Unajua alikokwenda? Kwenye mawe yaliyomwagika siku mtumbwi wetu ulipoyumba, ambayo tuliyaacha yamelala ovyoovyo. Maji yalipita katikati yake na tope halikutua. Na humo, mwanangu, walikuwamo samaki wachanga, wadogo kuliko punje ya mahindi, wakiingia na kutoka. Nilicheka chini ya maji hadi nikayanywa.

Kesho yake tuliwaonyesha wavuvi yote mawili, tope na wale wachanga. Mzee Agustino, mkubwa wao, alivaa miwani yangu, akainamisha uso majini kwa muda mrefu.

“Mmatengo wewe,” alisema alipoinuka, “yaani umekuja kulima ziwani! Haya, vunjeni hizo ngoro, mmwage mawe kama yale. Nyavu zitasubiri.”

Basi nakuambia hivi. Ujuzi wa kwenu nenda nao popote, usiuonee haya, ila ukifika ugenini tazama kwanza mahali penyewe panafanyaje kazi. Na jambo likienda kombo, usikimbilie kulifuta watu wasione. Litazame, lifuate, uliulize maswali mpaka likujibu. Mungu akujalie macho yasiyochoka kushangaa, na karibu yako aweke mtu wa kukukaripia kwa upendo. Nenda salama, mwanangu.